Mtu Mwenye Hereni: Mhadhara juu ya Picha Inayodhaniwa Kuwa ya Shakespeare



National Portrait Gallery ya London ilianzishwa mwaka 1856, na picha ya kwanza kuingizwa katika daftari lake, yaani namba moja kabisa, ni ya mwanamume wa makamo. Imechorwa kwa rangi za mafuta juu ya turubai. Urefu wake haufiki sentimita 60. Mtu huyo upara umempanda hadi utosini, nywele za pembeni zimefunika masikio, ndevu zake ni chache. Amevaa nguo nyeusi na ukosi mweupe ambao kamba zake ameziacha bila kuzifunga, na katika sikio la kushoto ana hereni ya dhahabu. Vanishi ya karne nyingi imemfanya aonekane kama mtu aliyekaa chumba chenye taa moja.

Picha haina jina. Haina saini ya mchoraji, haina mwaka, haina nembo ya ukoo wala umri wa mtu, ingawa wachoraji wa Uingereza wa zama zile walipenda sana kuandika mambo hayo pembeni. Pamoja na hayo, ukimwonyesha mwanafunzi yeyote aliyepitia darasa la fasihi, atakwambia mara moja: huyu ni Shakespeare. Wengi wenu mmemwona juu ya jalada la kitabu au ukutani shuleni. Usiku huu nataka tuulize alijulikanaje.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. Kuna swali la nani amechorwa, na kuna swali la nani amechora. Jibu la moja halileti jibu la lingine. Inawezekana tukamjua mchoraji tusimjue mchorwa, na kinyume chake, na inawezekana pia tusimjue hata mmoja. Katika picha hii, inayoitwa picha ya Chandos kwa jina la ukoo mmoja ulioimiliki, maswali yote mawili yamejibiwa na mlolongo uleule wa masimulizi, ndiyo maana watu huyameza kwa pamoja.

Nasema mlolongo wa masimulizi kwa makusudi. Waliosoma madrasa miongoni mwenu wanajua kazi ya isnadi. Hadithi haipokelewi kwa uzuri wa maneno yake peke yake. Huulizwa: nani alimsimulia nani? Walikutana? Msimulizi alikuwa mkweli, mwenye kumbukumbu nzuri, asiye na maslahi katika jambo analolisimulia? Mpokezi mmoja akikosekana katikati, au akijulikana kwa kutia chumvi, hadithi nzima hushuka daraja. Sina nia ya kulinganisha uzito wa mambo haya mawili. Nauazima utaratibu tu, kwa sababu wataalamu wa sanaa, kwa majina mengine, wanafanya kazi hiyohiyo wanapofuatilia picha imetoka mkono gani kwenda mkono gani. Tuanze basi kumpima mpokezi mmoja mmoja, kutoka kwa wa mwisho kurudi nyuma.

Aliyeandika habari hizi ni George Vertue, mchonga picha kwenye mabamba ya shaba, aliyezaliwa mwaka 1684 akafa 1756. Vertue alikuwa na tabia ambayo naipenda: kila alipoiona picha ya zamani katika nyumba ya mtu, aliuliza imetoka wapi, kisha akaandika katika madaftari yake. Hakuandika ili auze. Madaftari hayo yalinunuliwa baadaye na Horace Walpole, akayatumia kutunga historia ya uchoraji wa Uingereza. Mwaka 1719 Vertue aliandika kwamba picha ya Shakespeare ilikuwa kwa bwana mmoja aitwaye Robert Keck, mwanasheria wa London, na kwamba Keck aliinunua kwa guinea 40 kutoka katika mali ya Thomas Betterton. Betterton aliipata kutoka kwa William Davenant. Davenant aliachiwa kwa wosia na John Taylor. Na Taylor huyo, asema Vertue, alikuwa mwigizaji na mchoraji, rafiki wa karibu wa Shakespeare, naye ndiye aliyeichora.

Vertue, kwa maoni yangu, ni mpokezi mwaminifu. Keck naye hana neno kubwa. Alikuwa mnunuzi, na mnunuzi aliyetoa guinea 40 hupenda kuamini alichouziwa, lakini hakuitunga habari yeye. Alimsikia Betterton.

Betterton tumtazame vizuri zaidi. Alikuwa mwigizaji mkubwa kuliko wote wa zama zake, aliyecheza Hamlet kwa miaka mingi, akafa mwaka 1710. Huyu alimpenda Shakespeare kiasi cha kufanya utafiti: Nicholas Rowe, aliyechapa tamthilia za Shakespeare mwaka 1709 pamoja na maelezo ya maisha yake, anakiri kwamba habari nyingi alizipata kwa sababu Betterton alisafiri hadi Warwickshire, alikozaliwa mshairi, kuzikusanya. Toleo hilo la Rowe ndilo lililochapa kwa mara ya kwanza nakala ya uso wa picha ya Chandos. Tunajua pia kwamba kabla ya hapo mchoraji Godfrey Kneller alinakili picha ya Shakespeare akampa mshairi John Dryden, na Dryden akamshukuru katika shairi lililotoka mwaka 1694. Kwa hiyo miaka isiyofika 80 baada ya kufa kwa Shakespeare, watu wa jukwaa na wa kalamu mjini London walikwisha kukubaliana kwamba uso wa mshairi wanaujua. Huo ni ushahidi, wala tusiudharau. Lakini ni ushahidi wa imani yao. Hakuna mmoja kati yao aliyemwona Shakespeare kwa macho.

Sasa tufike kwa William Davenant, na hapa nitakaa, kwa kuwa kesi nzima inamtegemea yeye.

Davenant alizaliwa Oxford mwaka 1606. Wazazi wake walikuwa na nyumba ya kuuza mvinyo, na inasemekana Shakespeare alikuwa akipumzika hapo katika safari zake kati ya London na Stratford. Shakespeare alipofariki mwaka 1616, Davenant alikuwa mtoto wa miaka kumi. Alipokua akawa mshairi, akapewa heshima ya kuwa mshairi wa mfalme mwaka 1638, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, majumba ya michezo yakafungwa. Mwaka 1660 Charles II aliporudi kwenye kiti cha ufalme, alitoa ruhusa kwa watu wawili tu kuendesha michezo London, mmoja wao Davenant. Katika mgao wa tamthilia za zamani, Davenant alipata haki ya kuigiza kadhaa za Shakespeare, zikiwamo Hamlet na Macbeth. Alizikata, akaziongezea nyimbo na mashine za jukwaani, akazipeleka sokoni.

John Aubrey, mkusanya habari za watu wa karne ile, anasimulia kwamba Davenant akishakolea mvinyo mbele ya marafiki alikuwa akidokeza kwamba anaandika kwa roho ileile ya Shakespeare, wala hakuchukia watu wakidhani yeye ni mwanawe wa damu. Fikirini jambo hilo. Mtu aliye tayari kumtia mama yake aibu ili apate nasaba ya mshairi, je, atashindwa kuipa nasaba picha ya ukutani? Katika vipimo vya isnadi, Davenant ana dosari mbili kwa wakati mmoja: ana maslahi ya fedha, na ana sifa ya kujinasibisha. Simwiti mwongo. Huenda picha ilikuwa ya Shakespeare kweli, na huenda Davenant alikuwa ndiye mtu hasa wa kuimiliki, maana alijuana na waigizaji wazee waliobaki. Lakini neno lake peke yake halitoshi, na neno tulilonalo ni lake peke yake.

Nyuma ya Davenant kuna John Taylor, na hapa mlolongo unalegea kabisa. Vertue alisikia kwamba alikuwa mwigizaji. Mwigizaji mashuhuri wa jina la Taylor katika kundi la Shakespeare aliitwa Joseph, wala si John, na alijiunga na kundi hilo mwaka 1619, miaka mitatu baada ya mshairi kuzikwa. Upande wa pili, kumbukumbu za chama cha wachoraji wa London zinamtaja John Taylor mmoja, fundi mwenye heshima katika chama chake, aliyefariki mwaka 1651. Huyo anafaa kwa jina na kwa kazi. Hata hivyo hatuna picha nyingine ya mkono wake iliyothibitishwa ambayo tungeweza kuiweka kando ya hii tukalinganisha namna ya kupaka rangi, na bila hivyo jina la mchoraji linabaki kuwa jina tu. Yapo pia masimulizi yanayompa kazi hii Richard Burbage, nguzo ya kundi la Shakespeare, kwa sababu inajulikana alikuwa na mkono wa kuchora: mwaka 1613 yeye na Shakespeare walilipwa shilingi 44 kila mmoja kwa kumtengenezea Earl wa Rutland nembo ya mashindano, Burbage akiwa ndiye mchoraji. Ni habari tamu. Haithibitishi chochote kuhusu picha yetu.

Baada ya Keck sitawachosha. Picha ilirithiwa, ikaingia kwa ukoo wa Nicoll, binti wa ukoo huo akaolewa na mtu aliyekuja kuwa Duke wa tatu wa Chandos, kisha ikahamia kwa Maduke wa Buckingham, ambao walifilisika. Mwaka 1848 vitu vyao vilipigwa mnada, na Earl wa Ellesmere akainunua kwa guinea 355. Mwaka 1856 akaitoa zawadi kwa taifa. Kipande hiki cha mlolongo hakina shaka yoyote, na ndicho chenye faida ndogo kuliko vyote.

Wanaojua isnadi wataniuliza: na matini je? Maneno yenyewe yanasemaje? Katika picha, matini ni uso.

Sura za Shakespeare zinazokubalika na wote ni mbili, na zote zilitengenezwa baada ya kufa kwake. Ya kwanza ni picha iliyochongwa kwenye bamba la shaba na Martin Droeshout, ikawekwa mwanzoni mwa mkusanyo mkubwa wa tamthilia zake uliochapwa mwaka 1623. Droeshout alizaliwa 1601, kwa hiyo mshairi alipofariki yeye alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano. Kichwa kimekaa juu ya ukosi kama sahani, na koti lina kasoro za ushonaji ambazo fundi cherehani yeyote angezicheka. Lakini waliokusanya kitabu hicho, Heminges na Condell, waliigiza na Shakespeare kwa miaka mingi, na Ben Jonson aliyemjua vyema aliandika beti za kuisifu sura hiyo kuwa imefanana. Ya pili ni sanamu ya nusu mwili katika kanisa la Stratford alikozikwa, iliyokwisha kusimamishwa kufikia mwaka 1623, watu wake wakiwapo. Nayo ina mikasa yake. Mwaka 1793 ilipakwa chokaa nyeupe kwa ushauri wa msomi Edmond Malone, rangi za asili zikafunikwa, hata ikabidi ipakwe upya mwaka 1861. Fundi wake pia ana utata: tangu karne ya 17 alitajwa Gerard Johnson, na mwaka 2021 mtafiti Lena Cowen Orlin akatoa hoja kwamba ni Nicholas Johnson, ndugu yake.

Mtu wa Chandos anafanana na sura ya Droeshout. Paji la uso ni lile, nywele zinaangukia masikioni vilevile, sharubu vilevile. Tatizo ni kwamba picha hii si yote ya mkono mmoja. Wataalamu wa National Portrait Gallery waliichunguza kabla ya maonyesho makubwa ya mwaka 2006, yaliyosimamiwa na Tarnya Cooper, wakakuta uso umechubuliwa na usafishaji wa zamani, na nywele na ndevu zimerefushwa na mkono wa baadaye. Mkono huo ulifanya hivyo kwa nini? Inawezekana ulikuwa ukifuata mtindo tu. Inawezekana pia ulijua picha inasemwa ni ya nani, ukamsogeza mtu karibu na Shakespeare wa kitabuni. Kama ni hivyo, basi sehemu ya mfanano tunaoutegemea ni matunda ya imani ileile tunayotaka kuithibitisha.

Uchunguzi huo haukutoka mikono mitupu. Ulionyesha kwamba turubai, rangi na mavazi yote ni ya mwanzoni mwa karne ya 17, takriban kati ya 1600 na 1610, miaka ambayo Shakespeare alikuwa na umri unaolingana na mtu huyu. Ukosi ulioachwa wazi ulikuwa namna ya washairi na watu wa sanaa kujionyesha. Kwa hiyo picha ni ya zama zake, na mtu ni wa aina yake. Cooper alihitimisha kwamba kati ya picha zote zinazodaiwa, hii ndiyo yenye nguvu zaidi, ila uthibitisho kamili haupo.

Nguvu hiyo inaonekana ukiwatazama washindani wake. Picha ya Flower, yenye jina la Shakespeare na mwaka 1609 juu yake, iliheshimiwa kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 2005 ilichunguzwa, ikakutwa na rangi ya njano ya kromu iliyopachikana ndani ya mchoro wenyewe, rangi ambayo haikuwapo madukani kabla ya karne ya 19. Ilikuwa imechorwa juu ya picha ya kale ya Bikira Maria na mwanawe. Picha ya Grafton, iliyoko Manchester, imeandikwa mwaka 1588 na umri 24, na ni kweli Shakespeare alikuwa na miaka 24 mwaka huo. Lakini vijana wa miaka 24 walijaa Uingereza nzima, na nguo za huyo wa Grafton ni za gharama ambayo mtoto wa mshona glovu wa Stratford angezipata kwa shida. Mwaka 2009 ikatangazwa kwa kishindo picha ya Cobbe, ya bwana mzuri wa uso na lesi ya thamani shingoni. Stanley Wells, mmoja wa wasomi wakubwa wa Shakespeare, akaitetea, na wengine wakasema huyo ni Sir Thomas Overbury. Mimi nipo na hao wengine. Nadhani picha ya Cobbe ilipendwa kwa sababu mtu wake anapendeza.

Na hapo tumefika kwenye kitu kinachonikera zaidi katika kesi hii. Mwaka 1864, Uingereza ikisherehekea miaka 300 ya kuzaliwa kwa Shakespeare, J. Hain Friswell alichapa kitabu juu ya picha za mshairi. Ya Chandos aliikataa. Hoja yake kuu haikuwa Davenant wala Taylor. Alisema hawezi kumwazia Shakespeare, Mwingereza halisi, kuwa mtu mweusi wa sura, mzito, mwenye uso wa kigeni na wa Kiyahudi. Ninyi mliosoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, mtaelewa kwa nini nilicheka kwa uchungu: mtunzi wa Shylock, Myahudi wa tamthilia hiyo, akataliwe uso wake kwa kuhisiwa Uyahudi! Nataka tukumbuke kwamba shaka nayo ina maslahi, kama ilivyo imani. Anayesema "siamini" apimwe kwa kipimo kilekile alichopimiwa Davenant.

Kuna mfano mmoja wa mambo kuwa kinyume, nao ni wa mshairi John Donne, aliyeishi zama hizohizo. Katika wosia wake wa mwaka 1630 Donne aliitaja picha yake iliyochorwa katika vivuli, akamwachia rafiki yake Robert Kerr. Picha hiyo ilibaki kwa kizazi cha Kerr, na kwa miaka mingi ikaandikwa kimakosa kuwa ni ya Duns Scotus, mwanatheolojia aliyefariki mwaka 1308. Hakuna aliyejali koti la karne ya 16 juu ya mtawa wa karne ya 14. Mwaka 1959 ndipo ilipotambuliwa, wosia ukiwa ushahidi. Mwaka 2006 National Portrait Gallery iliinunua kwa zaidi ya paundi milioni moja. Mchoraji wake hajulikani hadi leo, na hakuna anayekosa usingizi kwa hilo, kwa sababu mchorwa mwenyewe ndiye aliyetoa ushahidi. Shakespeare naye aliacha wosia. Alitaja bakuli la fedha, upanga, na kile kitanda maarufu cha pili kwa ubora. Picha hakutaja.

Mtaniuliza hukumu yangu. Kuhusu mchorwa, nasema hadithi hii ni hasan: haikufikia daraja la sahihi kwa sababu ya Davenant, na haikushuka kuwa dhaifu kwa sababu zama, mavazi na mfanano na Droeshout vinaiunga mkono. Ningelazimishwa kuchagua, ningechagua kwamba ndiye. Kuhusu mchoraji, hadithi ni dhaifu. Jina la John Taylor linafaa kutajwa kama jina lililosimuliwa, na National Portrait Gallery wenyewe wanafanya hivyo, wakisema inahusishwa naye.

Ombi langu ni kwa wachapishaji na walimu waliopo hapa. Mwalimu Nyerere alifasiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi akiwa na maneno tu mbele yake, na kazi ikatimia. Kwa hiyo hakuna kitabu cha Shakespeare kitakachopungukiwa kwa kukosa uso jaladani. Lakini mkiamua kuuweka, chini yake chapeni maneno haya: "Picha ya Chandos, takriban 1600 hadi 1610, inayodhaniwa kuwa ya William Shakespeare, mchoraji hajathibitishwa." Ni mstari mmoja, nafasi yake ipo. Na katika mtihani, mwanafunzi akiandika "inadhaniwa", msimkate maksi.